Taifodi ya Kaka Yangu

Kama ningepewa ruhusa ya kufukuza neno moja tu kutoka Juba, lipandishwe basi la asubuhi, lipitishwe Nesitu, livushwe mpaka wa Nimule na lisirudi tena, ningefukuza neno taifodi. Si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa wenyewe ni wa kweli, unaua, na nimeuona. Nazungumzia neno. Mtu akichoka, ni taifodi. Kichwa kikimuuma kwa sababu ameshinda na chai ya rangi bila kuweka kitu kingine tumboni, ni taifodi. Akigombana na mkewe akakosa usingizi, anakuja kwenye dirisha langu, ananyoosha mkono na kusema, "Nipimie taifodi yangu." Yangu. Utadhani aliiacha kwangu wiki iliyopita na sasa amekuja kuichukua.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Nina chumba kimoja Hai Mauna, nyuma ya duka la dawa, na ukuta mmoja nimechangia na fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Akianza kugonga, hadubini yangu inacheza, na damu ya mtu inarukaruka mbele ya jicho langu. Nimemwomba agonge saa za chakula, nikiwa nimepumzika. Ananiambia mafi mushkila, dada, hakuna shida, kisha anaendelea kugonga. Ndivyo nilivyofanya kazi kwa miaka minane, na ndivyo nilivyopata huu uso ambao wateja wangu husema ni wa mtu aliyenyimwa chakula.

Kipimo cha taifodi tunachokitumia ni rahisi mno, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Natoa damu, naizungusha kwenye mashine mpaka maji yake yajitenge, nadondosha tone moja juu ya kigae cheupe, naongeza tone la dawa ya buluu, kisha natikisa kigae huku nikihesabu. Vikitokea vichembe kama unga wa ugali uliokorogwa vibaya, naandika ipo. Visipotokea, naandika hakuna, na mteja ananikasirikia. Lakini vichembe hivyo havisemi kwamba vijidudu vya taifodi vimo mwilini leo. Vinachosema ni kwamba askari wa mwili waliwahi kukutana navyo, au na binamu zao, na bado wanazikumbuka sura zao. Mtu aliyeugua zamani na akapona kabisa anaweza kuja kwangu akapata vichembe. Hayo nilifundishwa chuoni, nikayajibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Kisha nikaja Juba nikaandika ipo, ipo, ipo, kwa sababu vifaa vya kuotesha vijidudu na kuvitambua kwa uhakika sikuwa navyo, na kwa sababu watu walitaka jibu.

Mteja wangu mkubwa alikuwa kaka yangu wa tumbo moja.

Yeye ndiye aliyenileta Juba. Amenizidi miaka sita na alimwacha mkewe Kenya akatangulia hapa kama mpishi, katika hoteli moja ya Amarat ambako wanakula watu wa mashirika na watu wa benki, wengi wao Wakenya wenzetu wanaotaka pilau siku ya Ijumaa na chapati kila siku. Ni mzee wa kanisa. Anavaa shati jeupe lililopigwa pasi hata akiwa mbele ya jiko, na pombe hajawahi kuionja. Tena ni mtu wa mzaha, wa ule mzaha unaokufanya ucheke kabla hujakumbuka kwamba umekasirika.

Mwaka wake wa kwanza hapa alikunywa maji ya tangi, yale yanayovutwa mtoni na kuuzwa mtaa kwa mtaa, kabla ya mtu yeyote kumwambia ayachemshe. Akapata taifodi ya kweli, si ya neno. Alilazwa wiki tatu akiwa na dripu mkononi, na kuna siku mbili ambazo hadi leo hazikumbuki. Mimi nilikuwa bado Kenya, nikifuatilia kwa simu. Nilipokuja baadaye nilimkuta mzima, mnene, anapika, lakini taifodi ilikuwa imeshakuwa mtu wa familia. "Leo imeamka," angesema. Au: "Leo imelala, niache nile pilipili."

Hapa kwetu mgonjwa hutunza faili yake mwenyewe. Unanunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na kila unapokwenda kutibiwa wanakuandikia humo. Kaka yangu alikuwa na madaftari mawili, ameyafunga pamoja kwa mpira wa kufungia noti. Kila baada ya miezi miwili au mitatu alinijia nayo. Nilimtoa damu, nikatikisa kigae, nikaandika tarehe, nikaandika kwa kifupi anasumbuliwa na nini kama tulivyofundishwa, nikaandika ipo. Kisha alikwenda mbele kwenye duka la dawa akapewa sipro, vidonge vya kuua vijidudu, vya siku saba. Tulifanya hivyo kwa miaka, dada na kaka, tukitaniana.

Malalamiko yake yalianza na choo.

"Siku nne," aliniambia. "Siku nne, dada, tumbo limefunga duka."

"Taifodi haina kazi na hilo. Kula mboga. Kunywa maji."

"Mimi ni mpishi. Unanifundisha mboga?"

"Basi zile unazopikia wageni, jipikie na wewe."

Nikaandika: choo kigumu, siku nne. Taifodi ipo. Safari iliyofuata ikawa siku tano. Nikamnunulia mapapai. Nikamwambia atembee jioni badala ya kukaa kwenye rakuba ya jirani, kile kibanda cha kivuli, akihukumu mechi za mpira. Alikula mapapai, alitembea, na hali ikabaki ileile. Nilimkasirikia, na hasira yangu haikuwa na haki yoyote. Mtu akikataa kupona baada ya kumpa shauri, unaona kama ameamua kukukaidi.

Halafu ikawa pua. Siku moja alikuwa kwangu nyumbani, maharagwe yakaungua kwenye sufuria mpaka jirani akaniita kwa dirisha, na yeye ameketi hatua mbili kutoka jikoni anasoma gazeti. Nilimpigia kelele. Mpishi mzima, nilimwambia, maharagwe yanakuwa mkaa umekaa hapo. Akainua uso, akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema, "Yanaungua?" Kisha akacheka. Alisema ni mafua, na vumbi la Juba, na moshi wa jenereta, yote kwa pamoja. Wiki mbili baadaye alikuja na daftari. Nikaandika: hasikii harufu. Taifodi ipo.

Alikuwa anapika pilau kwa macho na kwa saa ya mkononi. Hakuniambia. Nimekuja kujua baadaye kwamba kwa zaidi ya mwaka alimuuliza kila aliyepita jikoni, kama mzaha, "Hebu niambie, kitunguu kinanukia nini sasa hivi?" na jibu ndilo lililomwongoza kutia nyama.

Kisha mwandiko. Kila asubuhi aliandika kwa chaki vyakula vya siku kwenye ubao mweusi mlangoni mwa hoteli. Nilikuwa napita hapo nikienda kuchukua vifaa vyangu, na nikaona herufi zinapungua. Zilianza kubwa upande wa kushoto, zikamalizikia upande wa kulia kama sisimizi. Wageni walikuwa wanainama kusoma. Nilimwambia, "Andika kubwa, watu si wote wana macho ya mwewe." Akasema anaandika kubwa. Nikamwambia haandiki. Tukabishana mbele ya ubao kama watoto, na akaniambia labda nipime macho yangu, maana hata macho hupata taifodi.

Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka, alikuja mwenyewe asubuhi kabla sijafungua, akauweka juu ya meza yangu na kuutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana polepole, kama mtu anayejaribu unga kwa vidole kuona kama umesagika. Nikamwambia anywe kahawa kidogo. Nikaandika: mkono unatetemeka, uchovu. Taifodi ipo.

Naandika haya na bado natamani kujizaba kofi.

Meneja wa hoteli yake ni mama Mganda, mtu mzuri, mwenye sauti ya kuita boda kutoka ng'ambo ya barabara. Alinipigia simu niende. Alinikalisha ofisini, akafunga mlango, akanimiminia soda.

"Musawo," aliniambia, maana Waganda huita hivyo kila mtu wa matibabu, "mimi napenda mpishi yangu. Lakini mkono yake iko natetemeka. Supu namwagika. Wageni iko naona. Iko nakunywa?"

"Hanywi. Ni mzee wa kanisa."

"Hata mzee ya kanisa iko nakunywa."

"Huyu hajawahi."

"Basi lete barua ya daktari. Mpaka mwisho ya mwezi. Barua naandika nini iko nasumbua yeye. Bila barua, mimi natafuta mpishi mwingine. Malesh, dada. Pole. Lakini moto na mafuta na mkono kama ile, hapana."

Nilitoka hapo nikiwa na hasira kwa watu wote walio hai. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Nilikasirika zaidi jioni ile nilipomwambia kaka yangu, naye akacheka akasema, "Barua si unaandika wewe? Andika taifodi. Ndiyo wanayoielewa."

"Sitaandika taifodi."

"Umeiandika miaka yote."

"Ndiyo maana sitaiandika tena."

"Dada, nisikilize. Nikiwa na taifodi, mimi ni mtu. Kila mtu amewahi kuwa nayo. Nikienda na jina ambalo hawalijui, mimi ni mlevi, au nimerogwa. Jikoni pale ndipo ninapojulikana. Wakinitoa, nitakuwa mzee anayetetemeka tu."

Hakuwa anatania. Nilimwangalia na nikaona hata uso wake ulikuwa umebadilika, umetulia kupita kiasi, macho hayapepesi. Kumbe ule mzaha wake wote wa miezi ya karibuni aliutoa bila uso. Nilikuwa nausikia kwa masikio, na tabasamu nalijazia mwenyewe.

Kuna daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu anayekuja Juba mara mojamoja, anaona wagonjwa kwenye kliniki moja ya Amarat, kisha anaondoka. Kupata nafasi kwake kulinigharimu simu kumi na tano na ugomvi na mtu wa mapokezi. Siku tulipokwenda nilimwambia kaka yangu aache madaftari nyumbani. Nilisema hayahitajiki, daktari ataanza upya. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu aliyesoma kuliko mimi aone mwandiko wangu ukisema ipo, ipo, ipo kwa miaka.

Daktari alimgongesha vidole. Alimtembeza ukumbini na kurudi, na mimi niliyemwona kaka yangu akitembea maisha yangu yote ndipo nikaona kwamba mkono wake wa kulia haukuwa ukipunga tena. Alimwambia aandike sentensi moja. Kaka yangu akaandika "Leo tuna pilau na kachumbari", na kachumbari ikawa nukta nukta. Kisha daktari akakaa, akaweka kalamu chini na kuuliza, "Tatizo hili lilianza lini?"

"Mkono? Miezi saba," nilijibu mimi.

"Nimemuuliza yeye."

Kaka yangu akaingiza mkono ndani ya mfuko wa plastiki na kutoa madaftari mawili yaliyofungwa kwa mpira.

Nilitaka sakafu inimeze. Daktari alifungua la kwanza, akasoma. Akafungua ukurasa mwingine. Alisoma taratibu, kurasa zote, na nje jenereta ilikuwa inanguruma, nami nilikuwa naandaa hotuba ndefu kuhusu maabara za mtaani, ukosefu wa vifaa na tabia za wateja. Alipofika katikati ya la pili akauliza, "Nani aliandika haya?"

"Mimi. Lakini kipimo chenyewe kina—"

"Hayo majibu ya taifodi siyaangalii. Naangalia mstari wa juu yake." Akageuza daftari nione. "Kufunga choo, imeanza hapa, miaka sita iliyopita. Inarudi, inarudi. Harufu imepotea hapa. Uchovu. Hapa umeandika sauti imeshuka. Hapa umeandika kwamba mke wake alisema kwa simu mumewe alipokwenda likizo alikuwa anapiga mateke usingizini. Mwishoni kabisa ndipo mkono. Ni nadra nipate historia iliyopangwa vizuri hivi. Hongera."

Sijawahi kupigwa kofi lililouma kama hiyo hongera. Ugonjwa wote ulikuwa umo humo, kwa tarehe, kwa mwandiko wangu mzuri. Niliuandika wote na sikuusoma hata mara moja, kwa sababu kila nilipofika chini nilikuwa na jibu langu.

Aliutaja ugonjwa: Parkinson. Alieleza kwamba kuna sehemu ndogo ya ubongo inayotengeneza kitu kinachowezesha mwili kwenda bila kusitasita, na kwamba chembe za sehemu hiyo zinakufa kidogokidogo, na mkono unapoanza kutetemeka nyingi zimeshakufa. Hauponi, lakini kuna vidonge vya kusaidia mwendo. Hauambukizi. Kisha akamuuliza kaka yangu, "Na nini kingine?" Akasubiri. Alisubiri kweli, mikono juu ya meza, mpaka mimi nikaanza kuwashwa na ukimya.

"Mimi nasema ni tumbo," kaka yangu alisema. "Tangu ile taifodi ya kwanza sijawa sawa. Huyu anajua, nimemwambia. Anasema najidanganya."

Nilifungua mdomo kumwomba daktari radhi kwa maneno hayo. Daktari akaniwahi.

"Huenda hujidanganyi."

Naomba msomaji anivumilie hapa, maana mimi mwenyewe sikuvumilia. Alisema kwamba kwa wagonjwa wengi wa aina hii tumbo hutangulia, choo hufunga miaka kabla ya mkono. Alisema matumbo yana mishipa yake mingi ya fahamu, na upo mmoja mrefu unaopanda mpaka chini ya ubongo, na wapo watafiti wanaofikiri kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa huanzia huko chini na kupanda. Alisema pia juu ya askari wa mwili. Vijidudu vikivamia matumbo, askari hao huamshwa, na kwa aliyezaliwa na udhaifu fulani wanaweza kukosea na kuanza kushambulia chembe za mwili wenyewe, hata zile za ubongo. Kwa panya wa maabara jambo la namna hiyo limeonekana. Kwa binadamu bado linatafutwa.

"Kwa hiyo ni ile taifodi?" niliuliza.

"Siwezi kusema hivyo."

"Kwa hiyo siyo."

"Siwezi kusema hivyo pia. Watu wengi sana wanaugua matumbo na hawapati ugonjwa huu. Na wapo wanaoupata bila kuwahi kuugua tumbo. Kwa mtu mmoja, huyu hapa, hakuna awezaye kujua."

"Na zile sipro zote?"

"Hatujui."

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia meneja. Miaka minane napigana na watu wanaoniambia kila kitu ni tumbo, nimejifanya mkali wa mtaa mzima, halafu anakuja mtu mwenye elimu yake ananiambia huenda. Angeniambia ndiyo, ningelia na kujilaumu nikamaliza. Angeniambia hapana, ningemcheka kaka yangu mpaka mwaka mpya. Huenda unaifanyia nini?

Kaka yangu yeye alikuwa ameketi wima kama aliyepewa cheti. "Kwa hiyo askari wa tumboni vita viliisha, wakakataa kurudisha bunduki, wakapanda mpaka kichwani," alisema. "Hapa Juba hilo halihitaji daktari kulieleza." Daktari alicheka. Kaka yangu akanigeukia. "Nilikwambia ni tumbo."

"Amesema huenda."

"Wewe hata huenda hukunipa."

Nikayachukua madaftari, nikayafunga tena kwa mpira.

Barua ikaandikwa. Niliipeleka mwenyewe kwa meneja kabla mwezi haujaisha. Aliisoma mara mbili, akaishika mbali kidogo na mwili wake.

"Hii nini? Iko nashika watu wengine?"

"Haishiki mtu. Imeandikwa hapo."

"Kama hapana shika, kwa nini jina yake iko ngumu hivi? Mimi iko na wageni. Naweza kuacha yeye nagusa chakula?"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. "Miaka yote alikuwa anakwambia ana taifodi. Ulifanya nini?"

"Mimi nilimpa siku mbili ya kupumzika."

"Taifodi ndiyo inashika watu, mama. Inapita kwenye chakula. Mpishi mwenye taifodi ndiye wa kutolewa jikoni mbio. Ugonjwa huo uliuacha upike pilau. Huu usioambukiza hata nzi ndio unataka kuufukuza?"

Alifikiri. Naapa alifikiri kwa dhati. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, "Lakini taifodi kila mtu iko nayo."

Niliweka kichwa juu ya meza yake. Sijui kama nilikuwa nacheka. Najua tu kwamba alizunguka meza, akanipapasa mgongo, akaniambia pole musawo, pole, na akaita chai. Tulipomaliza chai alikuwa amekata shauri. Sufuria za moto na mafuta kaka yangu asizishike tena, hilo halikuwa na mjadala, na nilipolipinga nilijua nabisha kwa sababu ya kubisha. Lakini asiondoke. Akawekewa kiti kirefu mlangoni mwa jikoni, awaongoze wale mabinti wawili wanaopika sasa.

Nimekwenda kumwona. Anakaa hapo na shati lake jeupe, mkono wa kulia ameukalia ili utulie, na anauliza, "Kitunguu kinanukia nini?" Sasa hafichi. Mabinti wamejifunza kujibu. Mwanzoni walisema tu kinanukia vizuri, akawakatalia, vizuri si harufu. Siku niliyokuwepo mmoja alisema, "Iko nanukia tamu, lakini nyuma yake iko kidogo kama majani nachomwa," na kaka yangu akasema, "Sasa. Tia nyama." Ubao wa mlangoni wanauandika wao. Akiulizwa na wageni anaumwa nini, anasema ni taifodi imepanda kichwani. Wanampa pole na wanaagiza chakula. Nimeacha kumsahihisha mbele ya watu, ingawa meno yananiuma kwa kuyabana.

Juzi alikuja kwangu na daftari jipya, la tatu. Akanyoosha mkono dirishani.

"Nipimie taifodi yangu."

"Kaka."

"Nipimie."

Nilikuwa na hotuba nzima tayari, juu ya kipimo, juu ya vichembe, juu ya yote niliyoandika hapo mwanzo. Fundi alikuwa anagonga mlango wa mtu. Nikafunga hotuba yangu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, sindano isingeingia, basi nikaushika kwa mikono yangu miwili na kuubana juu ya meza mpaka ukatulia. Sikumbuki mara ya mwisho nilimshika kaka yangu mkono kwa muda mrefu hivyo. Nikatoa damu, nikadondosha matone, nikatikisa kigae. Vichembe vikaja, vilevile.

"Ipo?" akauliza.

"Ipo."

"Nilijua." Akatikisa kichwa, ameridhika.

Nikafungua ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, nikaandika tarehe, nikaandika mkono, nikaandika choo, nikaandika ipo. Nilikuwa nakaribia kulifunga. Halafu nikaweka kalamu chini, nikaweka mikono juu ya meza kama nilivyomwona daktari akifanya.

"Na nini kingine?"

Alianza kutania, alisema kingine ni njaa. Nikasubiri. Ni kazi ngumu kwangu kusubiri, kila anayenijua atakwambia. Fundi alinyamaza, akaanza tena. Kaka yangu aliutazama mkono wake uliokuwa bado juu ya meza, kando ya mikono yangu.

"Naogopa," akasema.

Nikachukua kalamu, nikaliandika neno hilo chini ya taifodi, kwa herufi kubwa, ili aweze kulisoma.